Maombi Kabla ya Kuwasha Gari

Ijumaa ile, kabla jogoo wa jirani hajamaliza zamu yake, Ajiko alikuwa ameshakoroga uji, ameshafunga kuku wawili wa kukaanga ndani ya jani la mgomba, na ameshasali mafungu matatu ya rozari. Mawili yaliyobaki aliyaweka ya barabarani.

Safari ilikuwa ya Nakuru. Binti yake wa mwisho, Velma, alikuwa anaweka nadhiri zake za kwanza za usista kesho yake saa nne asubuhi. Barua ya masista ilikuwa imekunjwa ndani ya Biblia, na Ajiko, ambaye masomo yake yaliishia darasa la saba, alikuwa ameisoma mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. Ilisema wazazi wafike Ijumaa kabla ya saa kumi na moja jioni kwa mazoezi, kwa sababu mzazi ndiye humshika mtoto mkono kutoka mlango wa kanisa mpaka altareni. Mzazi asiyefika kwenye mazoezi, mtoto wake atasindikizwa na sista.

Velma alikuwa na mzazi mmoja. Baba yake, marehemu Otukei, mpakizi wa mizigo pale stesheni ya reli ya Malaba, walimzika mtoto akiwa darasa la nne. Kwa hiyo, njia hiyo ya kutoka mlangoni mpaka altareni Ajiko alikuwa ameshaitembea mara nyingi sana, akilini, na mara moja katikati ya mihogo yake, mkono ameunyoosha pembeni kama ameshika mtu. Jirani yake Ongodia alimwona siku hiyo akamuuliza kama anafukuza nyoka.

Uani, kijana wake Okiria alikuwa ameinama kwenye gari. Lilikuwa gari la viti saba, la ndugu ya mkwe wao, lililoletwa jana jioni. Okiria alitengeneza simu pale Malaba na alikuwa mtu wa kufuata maagizo hatua kwa hatua.

“Spea iko na upepo,” alisema bila kuinua kichwa. “Jeki iko. Spana ya kufungua tairi iko. Vile vibao vyekundu vya pembetatu viko viwili. Mtungi wa kuzima moto, mama, huu hapa, haujapitwa na tarehe.”

“Mikanda?”

“Yote inashika. Ule wa katikati nyuma ulikuwa umemezwa na kiti, nimeutoa.”

“Breki?”

“Jana nimezunguka nayo na fundi mpaka kule kwa shule. Amekanyaga, nikamwambia kanyaga tena.”

Ajiko alilizunguka gari polepole. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameuza uji wa wimbi kando ya foleni ya malori mpakani Malaba, na mtu hakai na madereva miaka kumi na moja bila kujifunza kutazama. Alitazama tairi moja moja. Alimwambia Okiria awashe taa, kisha akapita nyuma kuona kama zinaitikia. Zikaitikia. Akasema moyoni, asante Bwana, kijana wangu amekuwa mtu mzima.

Wakati huo pikipiki ikaingia uani, na aliyeshuka ni Echodu.

Echodu alikuwa mume wa Amoit, binti yake mkubwa. Aliendesha lori la mizigo kutoka Mombasa mpaka Kampala na kurudi, na leo yeye ndiye angewapeleka Nakuru, kwa maana Okiria leseni yake ilikuwa ya pikipiki tu. Amoit na watoto wao wawili walikuwa wamelala hapo kwa Ajiko tangu jana wakimngoja. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi. Alipomwona mama mkwe alisimama palepale karibu na ua, akainamisha kichwa.

“Mmeamkaje, mama?”

“Salama, baba. Karibuni,” Ajiko akajibu, akiwa ameshageuka nusu na kujivuta leso kichwani.

Ikaishia hapo, maana ndivyo ilivyo kwa Wateso. Mkwe wako ni kama moto: unamshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini unaota kwa mbali. Humpi mkono, huli naye meza moja, haingii nyumbani kwako. Siku hizi watu wameilegeza kidogo mila hiyo, mtu anaweza kupanda gari moja na mkwe wake akikaa kiti cha nyuma, lakini kumgombeza mkwe, au kumuuliza habari za kitanda chake, hilo hata waliosoma vyuo hawajalithubutu.

Na habari za kitanda ndizo Ajiko alizotaka kuuliza.

Maana alimwona. Alimwona akichukua kopo na kumimina maji kwenye kile kichupa cha kuoshea kioo, akafunga kifuniko, akazunguka gari, akarudi na kumuuliza Okiria, “Huku maji umeweka?” Alimwona akifunga begi la watoto kwa kamba, akalifungua, akalifunga tena vilevile. Kisha akaanza kujipapasa mifuko, ya shati, ya suruali, akauliza ufunguo uko wapi, na ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye kidole chake. Wote walicheka. Echodu naye alicheka, kicheko kirefu kuliko kilichohitajika.

Ajiko hakucheka. Alimkumbuka dereva mmoja Mganda, mtu wa utani, aliyekuwa akimwita nyabo, yaani mama kwa Kiganda, na kumdai uji wa nyongeza. Asubuhi moja alimrudishia kikombe kikiwa na uji nusu, akasema yuko sawa, akapanda lori lake. Hakufika Bungoma. Tangu siku hiyo Ajiko aliangalia vikombe na macho ya watu kabla ya kuwatakia safari njema.

Alimwita Amoit jikoni.

“Bwanako amelala lini?”

“Anasema alilala kwa foleni, mama. Lori lilisimama tangu juzi.”

“Kwa foleni hakulaliki. Lori la mbele likisogea na wewe umelala, wa nyuma anaingia mbele yako, unaanza upya. Mimi nimekaa pale, usinidanganye na foleni.”

Amoit alimhamisha mtoto Opolot begani. “Sasa mimi nimwambie nini? Atasema nimekaa na mama yangu kumjadili vile analala.”

“Mwambie ni wewe umeona.”

“Nikisema mimi, atasema naogopa kama kawaida.”

Akaenda hata hivyo. Ajiko alimwona kwa dirisha akiongea, akitabasamu, akimgusa mumewe mkono, na akajua ujumbe umetiwa sukari mpaka hauna dawa tena. Echodu alitikisa kichwa kwamba hapana, akafungua mlango wa gari.

Ajiko akamtuma mjukuu wake Alinga, wa miaka saba, ambaye hakuwa na sukari ya kutia chochote.

“Baba,” Alinga akasema kwa sauti ya kufika mpaka kwa Ongodia, “nyanya anauliza kama umelala.”

Echodu akajikuna shingo. “Mwambie nyanya nimelala kama gogo.”

Hapo sasa mlango ulikuwa umefungwa. Mkwe amesema amelala, na kusema hakulala ni kumwita mwongo mbele ya mke na mtoto. Saa ilikuwa inaelekea kumi na mbili na nusu. Wakitoka sasa, saa saba wako Nakuru, anaoga, anavaa gauni la bluu, saa kumi na moja yuko kwenye mazoezi. Hilo gauni lilikuwa limepigwa pasi mara mbili. Ajiko alisimama na mkoba wake mkononi na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alijiambia kwamba pengine kweli mtu huyu amelala.

“Haya, mama tuombee tutoke,” Okiria akasema.

Wakakusanyika mbele ya gari, Echodu upande mmoja, Ajiko upande wa pili, watoto na wengine katikati. Wakafumba macho. Naye Ajiko alipofungua kinywa aliona njia. Kuna mmoja ambaye mtu anaruhusiwa kumwambia kila kitu, hata mbele ya mkwe.

“Baba wa mbinguni,” alianza, “tunakushukuru umetuamsha. Tunakushukuru kwa tairi nne na ya tano ya akiba. Tunakushukuru kwa breki, fundi amezikanyaga na akazikanyaga tena. Gari tumelikagua, Bwana, kutoka taa mpaka tairi. Lakini kuna kitu kimoja kwa hii safari ambacho hatujakagua.”

Okiria akakohoa.

“Wewe peke yako ndiye huhitaji usingizi. Sisi ulituumba tulale. Na wewe unaijua foleni ya Malaba, unajua hakuna anayefumba jicho pale. Kuna mtoto wako mmoja hapa, jina lake sitalitaja, tangu Jumatano hajalaza kichwa kwenye mto. Ametafuta ufunguo, Bwana, na ufunguo ukiwa kwa kidole chake. Mimi siwezi kumwambia kitu, unajua kwa nini. Mwambie wewe. Mpe moyo wa kulala. Masaa manne tu, Baba. Matano, neema yako ikizidi.”

Alikuwa anavuta pumzi aseme Amina, lakini sauti nyingine ikamtangulia.

“Na mimi naongeza kidogo,” Echodu akasema, macho ameyafumba kabisa. “Bwana, asante kwa maombi ya mama yetu. Lakini mkumbushe, kwa heshima, kwamba mazoezi ni saa kumi na moja. Tukilala hapa, Velma atapelekwa mbele na mtu mwingine. Sitaki kuwa yule mkwe aliyemnyima mama siku yake. Hiyo ndiyo ilinifanya nisukume lori siku tatu, Bwana, nifike kwa wakati. Nimechoka, sikatai. Lakini mwambie nitaweza.”

Amoit alikuwa ameuma midomo. Alinga alikuwa amefumbua jicho moja, anamtazama huyu, anamtazama yule.

Ajiko hakuwa amejua hilo. Alidhani ni kiburi cha madereva, kile cha kusema niko sawa, kumbe mtu huyu alikuwa ameutoa usingizi wake ili mkono wake Ajiko ushike mkono wa Velma. Na bado ufunguo ulikuwa kwenye kidole.

“Bwana,” akasema, polepole sasa, “mwambie huyo mtoto wako nimesikia. Mwambie hata mwana niliyemzaa hangenipenda zaidi. Lakini Velma ana miguu yake, atafika altareni. Mimi nilimzika mmoja nikabaki nimesimama. Siwezi kuzika gari zima. Nimeamua kuchelewa, Baba, ni mimi, si yeye, na lawama yoyote uniandikie mimi. Amina.”

Walingoja. Mtoto Opolot alipiga chafya.

“Amina,” Echodu akasema.

“Tumemaliza,” Alinga akauliza, “ama bado kuna mwingine?”

Okiria ilibidi aende nyuma ya gari kucheka. Echodu alijifuta uso kwa mikono miwili, kisha akatembea mpaka mbele ya gari akauweka ufunguo juu ya boneti, maana hangeweza kumpa mama mkwe mkononi. Akarudi nyuma hatua tatu. Ajiko akaja akauchukua, akaufunga kwenye pembe ya leso yake.

Echodu akalala kwenye nyumba ya Okiria, ambayo kama nyumba ya kijana yeyote ilikuwa na mlango wake upande wa pili wa boma. Amoit alisema alianguka kitandani na viatu, akakoroma kabla hajavuliwa cha pili.

Tangu hapo Ajiko akawa askari wa usingizi. Redio aliizima. Jogoo wake alimfunika na tenga. Alinga alipewa karanga za kumenya, bakuli zima, ili mdomo na mikono viwe na kazi. Ongodia alipotokea na vigelegele vya kuwaaga, alikutana na kidole mdomoni.

“Kwani mmefiwa?” Ongodia akanong'ona.

“Hapana. Tunalaza dereva.”

“Dereva gani analala saa mbili asubuhi?”

“Wa kwangu.”

Ongodia akatazama nyumba ya Okiria, akatazama gari, akavuta kigoda. “Basi nipe hizo karanga nisaidie. Nikienda nyumbani nitaimba.”

Saa tatu Ajiko alisogea mpaka kwenye mihogo, akampigia Velma. Alimweleza yote bila kupunguza. Upande wa pili palinyamaza mpaka akadhani mtandao wa Uganda umemnyang'anya laini, kama kawaida ya pale mpakani.

“Mama,” Velma akasema mwishowe, “orodha ya wazazi inafungwa saa kumi na moja. Sista mlezi hapindishi sheria.”

“Najua.”

“Utatembea na mimi lini tena? Hii ni mara moja.”

“Najua, mama yangu.” Alimwita hivyo alipokuwa mtoto, akiumwa. “Hata mimi nimelia kidogo hapa kwa mihogo. Lakini heri tufike sote tukiwa tumechelewa.”

Velma akapumua. “Umekasirika?”

“Nitakasirika nikifika. Saa hii sina nafasi, nina mtu wa kulaza.”

Akasikia mtoto wake akicheka katikati ya machozi, na kwa kicheko hicho akatoa shukrani hapohapo, amesimama, jembe la jana likiwa bado limeegemea mche.

Echodu aliamka mwenyewe saa sita kasoro. Alioga, akala ugali na nusu ya kuku mmoja, peke yake mbele ya nyumba ya Okiria. Kisha akalizunguka gari lote, tairi kwa tairi, taa kwa taa, kama vile hakuna mtu aliyelikagua, na Ajiko alipoona anagonga tairi la nyuma kwa kisigino na kusikiliza, aliufungua ufunguo kwenye leso na kuuweka juu ya boneti.

Walipanda. Okiria mbele, Ajiko kiti cha nyuma kabisa na Alinga, Amoit na mtoto katikati. Echodu alikaa bila kuwasha gari.

“Alinga, umefunga mkanda?”

“Nimefunga.”

“Muulize nyanya kama amefunga.”

“Amefunga, lakini ameuweka juu ya leso.”

“Mwambie upite chini ya leso, ukae kwa mfupa.”

Ajiko akautengeneza, akiwa ameridhika kama mtu aliyetiiwa.

Barabarani hakukutokea kitu. Hiyo ndiyo hadithi yote ya safari. Walipita mkia wa foleni ya malori, wakapita Bungoma, wakapita Webuye, mvua iliwakuta juu kule baridi ilipo na Echodu akapunguza mwendo mpaka magari mengine yakawapigia honi. Eldoret walisimama wote wanyooshe miguu, na Echodu akanawa uso ingawa hakuwa na usingizi. Opolot alitapika mara moja. Ajiko alimaliza mafungu yake mawili ya rozari, akaanza mengine. Kila kijiji kilichobaki nyuma alikishukuru kwa jina kama alilijua, na kama hakulijua alishukuru kwa rangi ya paa la duka la kwanza.

Walifika kwenye lango la masista saa kumi na mbili na dakika arobaini, taa zimeanza kuwashwa. Sista mlezi alikuja mwenyewe, mwanamke mfupi mwenye miwani. Alimshika Ajiko mikono miwili, akasema pole na safari, akasema mazoezi yalikwisha, na orodha imefungwa, na Velma atasindikizwa na sista mmoja mzee wa nyumba ile. Alisema kwa upole lakini alisema. Ajiko akaitikia, “Ni sawa, sista,” na usiku ule alilala vizuri kuliko alivyotarajia, gauni la bluu likiwa limening'inia mlangoni.

Asubuhi kanisa lilijaa. Walipewa benchi la tatu upande wa kushoto. Ajiko alikaa mwisho kabisa, karibu na njia. Alinga akafuata, kisha Amoit na Opolot, kisha Okiria, na Echodu mwisho ule mwingine, karibu na ukuta, mbali kama inavyotakiwa.

Walioitwa walikuwa wanne. Watatu walipita na mama zao na baba zao. Velma alikuja wa mwisho, amevaa nyeupe tupu, mkono wake ukiwa kwenye kiwiko cha sista mzee aliyetembea taratibu kwa sababu ya magoti. Kifua cha Ajiko kilimwuma, hakujidanganya kwamba hakikuuma. Mkono wake wa kulia ulijua kilichokuwa kinaupita. Velma alipofika usawa wa benchi la tatu alipunguza hatua, akamtazama mama yake, kisha macho yakaenda kwa Alinga, kwa Amoit, kwa mtoto, kwa Okiria, mpaka ukutani kwa shemeji yake, moja moja, bila haraka, na uso wake ukafunguka. Kisha akaendelea.

Mbele kule padri alimuuliza kila mmoja anaomba nini, na Velma akajibu kwa sauti ambayo Ajiko aliijua tangu ilipokuwa ya kuomba maziwa. Ndipo padri akageukia watu.

“Wazazi wa hawa mabinti, simameni mlipo, tuwashukuru.”

Mbele kulisimama jozi tatu. Ajiko akashika mgongo wa benchi la mbele, akainuka peke yake, leso imenyooka kichwani. Alisikia mbao zikilia pembeni mwake. Alipogeuza jicho, Alinga alikuwa amesimama, na Amoit, na Okiria, na kule mwisho karibu na ukuta Echodu alikuwa wima, ameinamisha kichwa, macho makavu na safi ya mtu aliyelala. Hakuna aliyewaita. Watu walipiga makofi kwa wazazi wote, na benchi la tatu likapokea yake likiwa limesimama lote.